Kabla hujajaza tona ya bei chee, ujue kilichomo ndani ya printa yako (uzi)

Fundi wa Ngamiani

Wadau habari za jioni. Mie ni fundi wa printa na fotokopi hapa Tanga, Ngamiani, mwaka wa 11 huu niko kwenye kazi hii na leo naandika kwa sababu kuna kitu kimeniuma.

Jumatatu dada mmoja mwenye stesheneri kaniletea printa ya leza kaifunga kwenye kanga, kapanda nayo bodaboda toka Mabawa. Anasema mashine inatoa kazi lakini wateja wanarudisha karatasi. Nikatoa kopi moja, kwa macho safi kabisa, nyeusi ya kung'aa. Nikapitisha kidole gumba juu ya maandishi nikabonyeza kidogo, herufi zote zikaondoka na kidole kama masizi ya chini ya sufuria, karatasi ikabaki na ukungu. Nikafungua fyuza, kile kifaa cha joto kinachoyeyusha tona ishike kwenye karatasi. Filamu, ule utando mwembamba unaozunguka humo, imechanika upande wa kushoto, na kwenye rola ya chini unga umegandamana vipande vipande mfano wa lami. Namuuliza umejaza tona gani, ananambia nimeletewa ya elfu nne kwenye mfuko mweupe, haina jina. Fyuza nzima ilibidi kubadilisha na hela ile ni karibu faida yake ya mwezi.

Sasa tatizo sio bei. Watu wengi wanadhani tona ni wino mkavu, yaani rangi imesagwa basi, nyeusi ni nyeusi tu. Sio hivyo jamani. Tona ni PLASTIKI. Sehemu kubwa ya ule unga ni plastiki iliyosagwa au kukuzwa kiwandani mpaka chembe inakuwa mikroni 5 hadi 10 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Humo kwenye plastiki ndio wanachanganya kaboni nyeusi (masizi safi ya kiwandani), nta kidogo ili isinate kwenye fyuza, dawa ya kusaidia chembe ibebe chaji ya umeme, halafu kwa juu kila chembe inanyunyiziwa silika laini mno ili unga utiririke usigandamane. Ukiutikisa mfuko wa tona nzuri unga unakwenda kama maji, hiyo ni kazi ya silika.

Na kila plastiki ina joto lake la kuyeyuka. Fyuza nyingi za leza zinafanya kazi kwenye nyuzi 180 mpaka 200 hivi. Ukiweka unga unaotaka joto zaidi ya mashine yako inavyotoa, hauyeyuki ukaingia kwenye karatasi, unakaa juu juu tu, na mwingine unabaki kwenye filamu unajijenga siku hadi siku mpaka filamu inakwama na kuchanika. Ukiweka unga unaoyeyuka kwa joto dogo kuliko inavyotakiwa unaanza kulainika humo humo kwenye katriji (lile boksi linalobeba tona), unanata kwenye bledi (ule ukanda wa kukwangua unga) na kutoa michirizi. Yule dada kilichomkuta ni kile cha kwanza, unga unaotaka joto zaidi.

Nitaendelea kadiri mnavyouliza, maana kitu hiki ni kirefu.

Kombo Chumbageni

Mkuu mie nimejaza tona ya mfuko miaka mitatu na mashine inadunda. Naona mafundi mnatutisha tununue katriji mpya za laki.

Fundi wa Ngamiani

Kombo ndugu yangu sijasema usijaze, mie mwenyewe najaza kila siku na ndio ugali wangu. Kama umejaza miaka mitatu bila shida maana yake unga wako unaendana na mashine, shikilia huyo huyo anayekuuzia usihame. Ninachosema ni kwamba unga unaendana na mashine, hauendani na rangi.

Na nikupe la kwangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa kazi nilimjazia mwalimu mmoja katriji ya HP namba 12A, nikatumia unga uliobaki kwenye mtungi wa mashine nyingine kabisa. Zikatoka karatasi nyeupe, tena nyeupe pee. Nikafungua nikafunga mara tano, nikabadilisha dramu (lile bomba la kijani ndani ya katriji), nikabadilisha bledi, siku mbili nzima mtihani wa watoto unasubiri. Kumbe unga wa 12A, na wa 85A pia, umechanganywa na oksidi ya chuma yenye usumaku, kwa sababu ile rola ya ndani ina sumaku katikati yake na ndiyo inayouvuta unga kuupeleka kwenye dramu. Ule nilioweka mie haukuwa na chuma hata chembe. Rola inazunguka inavuta hewa. Printa za rangi, na Brother na Samsung nyingi za nyeusi, unga wake hauna usumaku kabisa, unashikwa kwa chaji na rola ya mpira. Sasa hivi kwenye meza yangu kuna sumaku niliyong'oa kwenye spika mbovu. Nachota unga nusu kijiko naweka juu ya karatasi, napitisha sumaku chini yake. Wenye chuma unasimama, unaota vinywele vyeusi vinavyotembea vikifuata sumaku huku na huku. Usio na chuma unalala tu. Nusu dakika umeshajua. Yule mwalimu nilimrudishia hela yake na mpaka leo nikimuona natamani kurudi nyuma nifanye tofauti.

Binti Makorora

Shikamoo kaka fundi. Naomba kuuliza, ile dramu ya kijani inafanya nini hasa, na kwanini wanasema usiiache nje? Mie niliiacha mezani kama saa nzima nikienda kula.

Fundi wa Ngamiani

Marahaba mdogo wangu, swali zuri hilo ndio moyo wa mashine.

Dramu ni bomba la alumini. Juu yake kuna tabaka ambazo jicho haliwezi kuzitenganisha. Ipo tabaka nyembamba sana yenye rangi ya familia moja na ile buluu na kijani inayotiwa kwenye rangi za kupaka, inaitwa fthalosayanini, ndio maana dramu inaonekana kijani au buluu. Hiyo ikipigwa na mwanga inazaa chaji. Juu yake ipo tabaka ya plastiki ya polikaboneti, mikroni 20 hadi 30 tu, inayopitisha ile chaji. Polikaboneti ndiyo plastiki wanayotengenezea siidii, lakini hapa ni nyembamba kuliko nusu ya unywele.

Kazi inakwenda hivi: rola ya chaji inaigusa dramu na kuipa umeme hasi, kwenye mashine nyingi volti 600 hivi, dramu nzima. Kisha leza, ambayo huioni kwa sababu mwanga wake ni infraredi, inapiga kwenye kioo chenye pande nyingi kinachozunguka kwa kasi kubwa, ule mlio wa kuvuma unaousikia mashine ikianza ndio wenyewe, na kioo kinaufagiza mwanga kutoka mwanzo wa dramu mpaka mwisho. Pale mwanga unapogusa chaji inaondoka. Unga nao una chaji hasi, kwa hiyo unasukumwa na sehemu zenye hasi na kukaa pale ilipoondoka, na pale ndipo kwenye herufi. Karatasi ikipita, chini yake kuna rola ya sponji yenye chaji chanya inayouvuta unga uhamie kwenye karatasi, halafu inakwenda fyuza kupigwa pasi. Unga uliobaki kwenye dramu unakwanguliwa na bledi ya mpira unaangukia kwenye tanki la taka.

Sasa umeona, kitu kizima kinategemea mwanga. Ukiiacha dramu kwenye jua au karibu na dirisha inachoka, inakuwa kama mtu aliyepigwa tochi machoni. Ikipata mwanga wa ndani wa kawaida kwa dakika chache inaweza ikapona ukiiweka gizani, ila saa nzima mezani mchana na mlango wazi, mh, itoe kopi uangalie kama kuna ukungu mweusi upande mmoja. Siku nyingine funika kwa kitu cheusi kizito. Na usiiguse kwa vidole, mafuta ya mkono yanaacha alama.

Mzee wa Mkonge

Nimefurahi kusoma haya vijana. Mie nilikuwa karani kwenye ofisi ya shamba la mkonge miaka ya 80, mashine yetu ya fotokopi ilikuwa kubwa kama kabati na dramu yake haikuwa ya kijani, ilikuwa inang'aa kama kioo cha kunyolea. Fundi alikuwa anatoka Dar na alitukataza kabisa kuigusa. Ilikuwa ya nini ile?

Fundi wa Ngamiani

Shikamoo babu. Hiyo ilikuwa seleniamu, babu. Kabla ya hizi za plastiki ndizo zilizotawala, wanaipaka seleniamu juu ya alumini, zingine wanachanganya na aseniki, na hiyo ndio sababu mojawapo ya kukatazwa, maana aseniki ni sumu. Mashine ya Xerox 914 iliyotoka mwaka 1959, ya kwanza kabisa kutoa kopi kwenye karatasi ya kawaida kwa kubonyeza kitufe na ikaingia maofisini, dramu yake ilikuwa ya seleniamu.

Na mwanzo wake unanifurahisha kila nikiukumbuka. Chester Carlson, Mmarekani, tarehe 22 Oktoba 1938, kwenye chumba cha kupanga kule Astoria, New York, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki wakalipaka salfa, wakalisugua kwa kitambaa lipate umeme, wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa kwa wino tarehe na jina la mtaa, wakamulika taa. Kisha wakanyunyiza unga wa mmea uitwao laikopodiamu, wakapuliza, maandishi yakabaki. Wakabandika karatasi yenye nta, wakaipasha moto. Salfa ndio dramu, kitambaa ndio rola ya chaji, unga wa mmea ndio tona, nta na moto ndio fyuza. Vyote tunavyobadilisha leo vilikuwa vimeshakuwepo mezani siku ile. Leza yenyewe iliongezwa na Gary Starkweather wa Xerox, wazo lake ni la miaka ya mwisho ya 60, na HP LaserJet iliyozipeleka leza kwenye meza za watu wa kawaida ni ya 1984, ikitumia injini ya Canon.

Kuna na dramu za silikoni pia babu, Kyocera wamejulikana sana kwa hizo, ni ngumu mno zinafika kurasa laki kadhaa.

Mzee wa Mkonge

Marahaba mwanangu. Mungu akuzidishie.

Studio ya Raskazone

Mkuu sisi wa picha umetusahau. Nina Epson ya matenki ya wino, hedi (ile sehemu inayotema wino) inaziba kila nikikaa siku nne tano sijaprinti. Jirani kaniambia nitie wino wa kampuni nyingine wa bei nafuu kidogo eti ni mwepesi zaidi. Pia kaniambia nipitishe maji ya moto.

Fundi wa Ngamiani

Ndugu yangu subiri kwanza usipitishe chochote.

Hedi za wino ziko aina mbili na vifaa vyake ni mbalimbali. Canon na HP nyingi zinatumia joto: nyuma ya kila tundu kuna kikaango kidogo cha filamu ya chuma, kikipigwa umeme kwa muda wa mikrosekunde chache kinafika zaidi ya nyuzi 300, wino ulio juu yake unageuka povu la mvuke na povu linasukuma tone nje. Epson wao wanatumia kauri ya piezo, yenye risasi, zirkoni na titani, ikipata umeme inapinda kama ngozi ya ngoma na kusukuma tone bila kuchemsha wino. Kwa hiyo wino wa hedi ya joto umetengenezwa ustahimili kuchemshwa, wa piezo umetengenezwa kwa unene maalum wa kusukumwa. Huyo jirani anaposema mwepesi zaidi hilo ndilo la kuogopa. Wino mwepesi kuliko inavyotakiwa unadondoka na kusambaa, na mzito unashindwa kujaa kwa wakati.

Matundu yenyewe ni kama mikroni 20 upana. Tone moja ni pikolita chache tu (pikolita ni lita moja ukiigawa mara trilioni). Tuseme 4, basi lita moja ya wino inatoa matone bilioni 250. Hebu fikiria chembe moja ya vumbi la barabara yetu ikikaa pale mlangoni.

Ndani ya chupa sehemu kubwa ni maji. Halafu rangi, halafu gliseroli au glaikoli za kuzuia usikauke kwenye tundu, kidogo cha kulegeza uso wa maji, na dawa ya kuzuia ukungu usiote. Rangi nayo ni ya aina mbili na HAPA ndipo watu wanaumia. Ipo iliyoyeyuka kabisa kama chumvi kwenye mchuzi, inatoa picha ya kung'aa ila ukipitisha kidole chenye maji inatoka, na jua linaila. Ipo ya chembe, yaani rangi iliyosagwa ikaelea kwenye maji bila kuyeyuka, hiyo inavumilia maji na mwanga zaidi. Usizichanganye kwenye tenki moja. Dawa zinazoziwezesha chembe kuelea zinavurugika, chembe zinashikana, na hedi imekwenda. Nimefungua hedi ya namna hiyo, nikaiweka chini ya lenzi, safu nzima ya matundu imejaa kitu kama tope la kahawa.

Kwa hedi yako: printi ukurasa mmoja wenye rangi zote kila baada ya siku mbili hata kama huna kazi, na uzime mashine kwa kitufe chake SIO kwa swichi ya ukutani. Ukizima kwa kitufe hedi inarudi kukaa juu ya kile kifuniko cha mpira kinachoizuia isikauke. Ukichomoa ukutani inaweza kubaki katikati ya njia, mdomo wazi usiku kucha. Na maji ya moto usithubutu, kuna gundi humo ndani.

Studio ya Raskazone

Aisee, mie kila siku nachomoa ukutani, naogopa umeme ukirudi kwa nguvu.

Fundi wa Ngamiani

Basi zima kwa kitufe, subiri ile milio iishe, ndio uchomoe. Umeisaidia hedi na umejikinga na umeme.

Na kwa kuwa una ya matenki, chini yake kuna pedi, ni kama blanketi la pamba zito, inayomeza wino wote wa kusafishia hedi. Mashine inahesabu na ikifika kiwango inagoma. Vijana wanapakua programu wanairiseti bila kuigusa pedi, wanarudia tena na tena. Kuna mteja wangu wino ulipita chini ukalowesha meza na rundo la vyeti vya watu. Ukiriseti, toa pedi uioshe na uikaushe au ubadilishe.

Kombo Chumbageni

Nimefanya ile ya sumaku hapa dukani nimekubali, vinywele vimesimama kweli hahaa. Swali: masika karatasi zinakunjika na kukwama sana, rola imechoka au?

Fundi wa Ngamiani

Inaweza kuwa rola ya kuvutia karatasi, mpira ukizeeka unang'aa na kuwa mgumu, uufute kwa kitambaa kibichi kidogo tu uone. Lakini kwa Tanga yetu Machi mpaka Mei anza na karatasi yenyewe. Karatasi inakunywa unyevu. Ikiingia kwenye fyuza maji yanageuka mvuke ghafla, karatasi inajikunja kama jani la mgomba kwenye moto, na tona haishiki vizuri kwa sababu chaji inavuja kwenye karatasi mbichi. Usifungue rimu ukaiacha wazi kaunta. Toa za kutosha asubuhi, zilizobaki zifunge kwenye mfuko wake ule ule, umetengenezwa kuzuia unyevu. Wengi nimewaambia hivi na hawakunilipa ufundi siku hiyo.

Lingine nisisahau: tona ikimwagika usipige maji ya moto, ile ni plastiki itanata moja kwa moja. Nguo kung'uta kwanza nje kisha maji baridi. Wala usitumie mashine ya kawaida ya kunyonyea vumbi, chembe ni ndogo zinapita kwenye kichujio zinarudi hewani mnazivuta. Mie navaa barakoa nikijaza, na wanangu hawakai karibu.

Mama Stesheneri

Habari zenu. Kaka fundi mie ndiye yule wa Mabawa mwenye fyuza, nimeusoma uzi wote na nimetafuta tona ya duka ulilonielekeza, sasa maandishi hayafutiki hata nikisugua na kucha. Asante sana. Ila leo kimetokea kidoa cheusi, kinajirudia kwenye kila karatasi, vinne kwa mstari kwenda chini. Nina kazi ya fomu 300 za chama cha akina mama kesho asubuhi na roho inanidunda.

Fundi wa Ngamiani

Pole dada'angu, usiogope, hilo linapimika. Chukua rula ya mtoto, pima kutoka kidoa cha kwanza hadi cha pili. Kitu kinachojirudia kinatoka kwenye kitu kinachozunguka, na umbali ndio mzingo wake. Dramu ya katriji yako ina kipenyo cha milimita 24, zidisha kwa 3.14 unapata kama 75, yaani sentimita saba na nusu. Ukipata hiyo ni dramu. Ukipata tofauti niambie tutafute rola nyingine kwa hesabu hiyo hiyo.

Mama Stesheneri

Nimepima mara tatu. Saba na nusu.

Fundi wa Ngamiani

Ni dramu basi. Zima, toa katriji, kaa mbali na dirisha, sogeza kile kifuniko cha plastiki taratibu, izungushe kwa ile gia ya pembeni bila kugusa uso wake. Tafuta nukta au mkwaruzo. Kama ni unga umeganda tu, futa kwa pamba kavu laini. Kama imekwaruzika hakuna dawa, inabadilishwa, dramu peke yake inauzwa huna haja ya katriji zima.

Mama Stesheneri

Nimeiona kaka. Nimejifunika mtandio mweusi kichwani na katriji pamoja, namulika kwa simu kidogo kidogo. Ni mkwaruzo, mdogo kama punje ya ufuta, na chini yake inaonekana alumini inang'aa. Na kwenye trei ya karatasi nimekuta pini ya stepla, kijana wangu alirudisha karatasi zilizotumika tuprinti upande wa pili.

Fundi wa Ngamiani

Hiyo hiyo pini. Ninayo dramu yake moja hapa. Usije na mashine yote, lete katriji tu, ifunge kwenye huo mtandio. Nafungua saa moja asubuhi, fomu zako utaziwahi.

Mama Stesheneri

Saa moja niko mlangoni inshallah. Na trei nimeshaimwaga yote mezani, tunapekua karatasi moja moja mie na kijana, tumeshapata pini nyingine mbili.